Sakafu ya mbao Mbezi: mbao sina ugomvi nazo, huduma baada ya kulipa ndo imeniumiza

Nimeishi na hii sakafu mwaka na miezi minne saivi kwahiyo naongea kitu nakijua, sio ile ya kununua leo kesho unasifia. Nyumba iko Mbezi, tumeweka sebuleni na vyumba viwili, jumla skwea mita 62, zile mbao wanaziita injiniadi, juu kuna mbao halisi ya oki milimita 3 halafu chini yake matabaka ya plaiwudi yamepishana, unene wote milimita 14. Mbao nazipa nyota nne. Huduma baada ya kulipa naipa moja, na hiyo moja ni ya dada mmoja wa stoo ntamwelezea mbele.

Kwanza mbao zenyewe, sitaki kuzionea. Watoto watatu, viti vya mezani vinaburuzwa kila siku, mgeni anaingia na mchanga kwenye viatu, na bado rangi iko vile vile, mikwaruzo ipo ila ya kawaida tu. Mchana jua kali unatembea peku na mguu unasikia raha, sio ile baridi ya tailizi asubuhi wala joto la zulia. Na kile kitendo cha kupishanisha matabaka kina sababu yake, mbao nzima ikinywa unyevu inatanuka kwa upana, ikikauka inasinyaa, sasa matabaka yakienda huku na huku yanashikana hakuna linalotembea sana. Ndo maana huku pwani wanakwambia chukua hii usichukue mbao nzima. Ni kweli. Ila haitembei SANA, sio kwamba haitembei, na hapo katikati ndo mimi nimepoteza hela na usingizi.

Nilinunua elfu 98 kwa skwea mita, boksi 31 pamoja na ziada ya kukatia, ikaja milioni 6 na laki 7 kasoro kidogo, ufundi juu elfu 12 kwa skwea mita. Nilichukua fundi wao wa dukani makusudi kabisa, nikijua kukitokea shida hakuna wa kumsingizia mwenzake. Wakati wa kununua simu inapokelewa hata haijaita mara mbili, "mama karibu, mama tukuletee sampo, mama usafiri juu yetu". Waranti miaka 25, karatasi nzuri ya kung'aa.

Sasa sakafu ya saruji tulimwaga mwanzoni mwa Desemba, kina kama milimita 65 maana chini kulikuwa hakuko levo. Katikati ya Januari fundi akaja, akainama akagusa na kiganja, akasema imekauka mama tunaanza. Kiganja tu jamani. Mi nikakubali kwa sababu kwa juu kweli ilikuwa nyeupe na kavu. Baadae ndo nimekuja kuelewa kwamba wanaojua kazi wanahesabu siku moja kwa kila milimita mpaka milimita 50, zinazozidi hapo siku mbili mbili, yaani ile yangu ilitaka siku 80 na hapo hewa iwe nzuri, sisi tulikuwa na siku kama 40. Mbao zenyewe zilishushwa asubuhi mchana zikaanza kulazwa, wakati zilitakiwa zikae ndani ya chumba siku mbili angalau zizoee hewa ya nyumba. Na chini wakatandika kile kisponji cheupe peke yake bila nailoni ya kuzuia unyevu wa saruji usipande.

Ilivyoisha ilikuwa nzuri mno, nilipiga picha nikatumia ndugu zangu wote.

Masika ikaingia. Jioni moja mwanzoni mwa Aprili jua linazama, mwanga umelala chini unaingia kwa mlango wa baraza, nikaona mistari ya kivuli sakafu nzima, kila ubao una kivuli chake. Nikavua ndala nikapita, mguu unasikia mabonde kama unatembea juu ya bati la migongo midogo. Nikachukua rula ya mtoto ya chuma nikailaza kwa upana wa ubao, ikakaa kwenye kingo mbili, katikati nikapitisha kadi ya benki ikapita bila kugusa. Kingo zimepanda, tumbo limeshuka. Hiyo maana yake chini ya ubao kuna maji kuliko juu.

Nikapiga simu. Wakasema tuma picha na video WhatsApp, nikatuma, tiki za bluu, kimya. Wiki ya pili nikapiga tena, "mama meneja amesafiri". Wiki ya nne wakasema nimedeki na maji mengi. Mi nadeki na tambara lililokamuliwa na dada wa nyumbani nilimfundisha mwenyewe, na hata kama ningemwaga maji, ingekuwaje chumba cha wageni ambacho hakidekiwi hata mara moja kwa wiki ndo kimeharibika kuliko sebule? Hilo swali hawajanijibu mpaka leo. Wiki ya tisa ndo akaja mtu, hana kipima unyevu hana rula, ana simu tu, akapiga picha akasema tunakuja kupiga msasa, wewe utachangia nusu.

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana karibu nikubali. Kuna fundi wa Tegeta alitujengea makabati ya jikoni, nikamuuliza, akasema mama usithubutu, mbao bado ina maji, ukikata kingo saivi zikija kukauka zinashuka chini ya levo na katikati panabaki nundu, na hiyo nundu hairudi tena, na ile mbao halisi ya juu ni milimita 3 tu, ukipiga msasa kwa hasira umeimaliza. Huyu fundi hajaniuzia chochote, alikuja Jumamosi na bodaboda yake kuniambia tu nisiharibu.

Tukatoa skatingi ya chumba cha wageni, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta. Mbao zimegusa ukuta kabisa, hamna hata nafasi ya kupitisha wembe, wakati pale panatakiwa paachwe milimita 10 mpaka 12 kuzunguka chumba kizima mbao ipate pa kutanukia, skatingi ndo inaficha hiyo nafasi. Tukang'oa mistari mitano, kile kisponji kimelowa kwa chini kinanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Fundi akakata nailoni kama nusu mita kwa nusu mita, akaibandika kwenye saruji kwa selotepu pande zote nne, akasema tuache mpaka kesho. Kesho yake asubuhi kabla hata sijanywa chai nikaenda kuangalia, chini ya nailoni kuna matone kama kioo cha bafuni, na saruji pale katikati imekuwa nyeusi. Nikapiga picha, nikaweka gazeti la siku hiyo pembeni ionekane tarehe. Nililia kidogo, sio kwa sababu ya hela, ni kwa sababu nailoni ya kipande kile ingenunuliwa kwa pesa ya chapati na ingesema ukweli ule ule mwezi wa kwanza.

Waranti sasa. Imeandikwa kwa Kiingereza herufi ndogo, uharibifu wowote wa unyevu haumo, na unyevu wa hewa ndani ya nyumba uwe kati ya asilimia 45 na 65. Mtu anayeuza Dar anajua kabisa hapa hewa inapita asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, labda ukae na AC usiku na mchana. Kwahiyo waranti ya miaka 25 ilikuwa haifanyi kazi tangu siku ninayolipa, na aliyenipa alijua. Hilo ndo kosa lao kubwa kwangu kuliko hata ufundi mbovu.

Kilichosaidia ni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kwamba ufundi nao ulikuwa kwenye risiti ile ile. Chini wamegonga muhuri mali ikishauzwa hairudishwi, nikawaandikia barua nikawaambia mi sirudishi mali, mi nadai kazi mliyofanya vibaya, nikaambatanisha picha za nailoni na nikasema nakala naipeleka Tume ya Ushindani, wale wanaolinda wateja. Siku nne tu meneja amerudi safari. Tukakubaliana wanarudisha nusu ya ufundi na boksi sita bure. Nusu, sio yote, nilichoka kubishana.

Tukang'oa yote, madirisha wazi na feni mpaka mvua zilivyokata, tukapima unyevu kila wiki, Agosti mwishoni ndo tukalaza upya, nailoni chini imepishana na kupandishwa ukutani, nafasi pembeni ipo. Mbao nyingi zilinyooka zenyewe, karibu boksi nne tu ndo hazikufaa. Masika ya mwaka huu rula inalala bapa.

Jirani yangu yake mbaya zaidi maana aliuziwa lamineti akaambiwa injiniadi. Friji lilivuja usiku mmoja, asubuhi kingo zimeumuka kama andazi, na ile haina kunyooka. Angalieni ubao kwa ubavu kabla ya kulipa, kama ni injiniadi unaona matabaka ya mbao na mistari ya juu inaendelea mpaka ukingoni, lamineti katikati ni unga wa kahawia ulioshindiliwa na picha ya mbao imebandikwa juu, ukitandaza mbao kumi utaona fundo lile lile limejirudia. Duka lilimwambia asome boksi.

Kaka yangu Njiro Arusha yeye tatizo lake lilikuwa kinyume, kiangazi nyufa zikafunguka kati ya mbao. Ila walimwambia mapema kwamba itatokea, alivyopiga simu siku ya tatu wako kwake na kipima unyevu, wakabadilisha mbao nne bila maneno. Bei yake ilizidi yangu elfu 11 tu kwa skwea mita. Elfu 11!

Yule dada wa stoo sasa. Siku nafuata zile boksi sita walitaka kunipa zozote zilizokuwepo, yeye ndo akasema ngoja, akapanda juu ya rundo kutafuta namba ya bachi ya kwangu, yaani mbao zilizotengenezwa pamoja kiwandani, maana bachi ikitofautiana rangi inaonekana hata kwa mbali. Alitumia karibu saa nzima, vumbi mpaka kwenye nyusi, na hakuna aliyemtuma. Boksi mbili zimebaki nzima, ziko juu ya kabati la watoto zimelazwa bapa, namba ya bachi nimeiandika kwa maka peni ubavuni na nyingine nimeibandika ndani ya mlango wa kabati.