Mvumbuzi kwenye skrini, mwalimu kwenye warsha: kipi kinafundisha jiografia?

Kama shule ina nafasi ya kitu kimoja tu kwa mwaka, ichukue warsha ya walimu. Mazungumzo ya mvumbuzi, yaani mtafiti anayezungumza na darasa kwa video, yananoga zaidi na wanafunzi watayasimulia kwa miezi, lakini yakisimama peke yake kinachobaki kichwani ni chui aliyenaswa na kamera usiku, siyo jiografia. Warsha ikitangulia na mazungumzo yakafuata, hapo huduma hizi zinalipa muda unaozichukua.

Neno lenyewe, “explorer” la Kiingereza, likitafsiriwa lina mzigo. Vitabu vya historia vimetuzoesha “wapelelezi” wakiwa kwenye orodha moja na wamisionari na wafanyabiashara waliotangulia ukoloni, na mpelelezi wa leo ni askari kanzu. “Mvumbuzi” nalo halijakaa sawa, kwa kuwa wengi wa hawa hawavumbui nchi yoyote: wanahesabu popo, wanapima barafu, wanafukua mifupa, wanachora ramani za matumbawe. Mwalimu akilieleza hilo mapema, kipindi kinaanza bila mtoto kumngojea mzungu mwenye kofia na darubini.

Huduma mbili zinafaa kuanzia. Explorer Classroom ni ya National Geographic Society, jumuiya iliyoanzishwa Washington mwaka 1888. Exploring by the Seat of Your Pants iliasisiwa na mwalimu wa Kanada. Zote mbili ni bure, na mpango wake unafanana: mtafiti anazungumza moja kwa moja kwa video, anaonyesha picha za kazi yake, kisha anajibu maswali. Madarasa machache hupewa nafasi ya kuonekana kwenye kamera na kuuliza kwa sauti, na wengine hutazama YouTube na kuandika maswali. Rekodi hubaki mtandaoni.

Ubora wake mkubwa ni kwamba anayesema ndiye aliyekusanya data. Ukimuuliza kwa nini aliweka kamera 40 na siyo 10, ana jibu. Udhaifu wake wa kwanza ni lugha. Mazungumzo mengi ni ya Kiingereza, mara nyingi cha haraka, na darasa linalosoma kwa Kiswahili litapotea dakika ya tano. Mkalimani wa papo kwa papo hasaidii, maana sauti mbili zinagongana. Kinachosaidia ni karatasi ya istilahi 12 hadi 15 iliyogawiwa siku iliyotangulia, na mwalimu kuandika ubaoni neno moja kuu kwa kila picha inayopita. Udhaifu wa pili ni kwamba mvumbuzi hupenda kueleza “nini” na “vipi”, akaruka “wapi” na “kwa nini pale”. Hayo mawili ya mwisho ndiyo somo letu, na kwa kawaida hayasemwi mpaka mtu aulize.

Kwa hiyo maswali yaandaliwe. Kipindi kimoja cha dakika 40, siku mbili kabla, kinatosha: wanafunzi watafute mahali anapofanyia kazi mgeni, waandike latitudo, mwinuko na umbali wa bahari iliyo karibu, kisha kila kundi litunge maswali mawili. “Umewahi kuogopa?” huulizwa kila mara, na jibu lake huwa refu. “Kwa nini kambi iliwekwa juu ya kingo ya mto na siyo chini, penye maji?” linafungua mafuriko, mmomonyoko na upepo kwa mkupuo. Darasa lililo kwenye kamera litapata swali moja, pengine mawili, hivyo yapangwe kwa umuhimu na lile zuri liwe la kwanza. Wanaoandika wakumbuke kwamba YouTube ya moja kwa moja huchelewa, kuanzia sekunde chache hadi karibu nusu dakika. Ukisubiri mgeni aseme “tuna muda wa swali moja la mwisho” ndipo uandike, swali lako litafika akiwa anaaga.

Saa ndizo zinazoharibu vipindi vingi zaidi, na ni aibu kidogo kwa walimu wa somo linalofundisha longitudo. Tangazo likiandikwa kwa saa za New York, kumbuka kwamba Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, ilhali Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Saa 14:00 ya New York ni 19:00 UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima) wakati wa baridi na 18:00 UTC wakati wa kiangazi chao. Sisi tuna mtego wetu wa ziada: mtu anasoma “8:00” kwenye tangazo, anawaambia wanafunzi “saa nane”, na tayari darasa limekosea kwa saa sita. Badilisha kwanza kuwa UTC kwa mfumo wa saa 24, ongeza au punguza saa za mahali ulipo, na hatua ya mwisho kabisa ndiyo iwe kuitamka kwa Kiswahili.

Kuhusu bando, hesabu ni nyepesi. Kasi ya megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 450 kwa saa, hivyo dakika 45 ni karibu MB 340. Kwa megabiti 1.5 ni karibu MB 500. Anayeonekana kwenye kamera anapakia pia, kwa hiyo azidishe mara mbili. Jaribu vifaa dakika 15 kabla, na zima simu zote zilizounganishwa kwenye mtandao huohuo. Spika iwe mbali na maikrofoni, vinginevyo mwangwi utamrudia mgeni na atakuwa anajisikia mwenyewe kila neno. Mwanafunzi anayeuliza aende kwenye kompyuta, asimame umbali wa mkono mmoja, kwani maikrofoni ya kompyuta mpakato haimsikii aliye dawati la nyuma. Na chumba kisizimwe taa zote kwa ajili ya projekta: kamera ikikosa mwanga, mvumbuzi anaongea na giza. Mwanga uwaangukie watoto usoni, dirisha lisiwe mgongoni mwao.

Jambo moja lisiachwe. Kipindi cha kamera kikirushwa YouTube kinabaki hadharani, hivyo ridhaa ya wazazi ipatikane kwa maandishi, na mtoto atajwe kwa jina lake la kwanza tu.

Sasa warsha, ambako kuna mambo mengi zaidi na wateja wachache. Zile za kusikiliza mwezeshaji akisoma slaidi asubuhi nzima, halafu picha ya pamoja na cheti, ziepukwe hata kama chakula ni kizuri. Yenye thamani ni ile ambayo mwalimu anafanya kwa mikono kazi ileile atakayowapa wanafunzi, anakosea, anarudia, kisha anaondoka na andalio la somo alilojaza mwenyewe. Mbili za nusu siku, zikiachana wiki tatu ili walimu wajaribu darasani katikati, zinashinda moja ya siku nzima.

Miundo ya National Geographic Society inafaa kuwa mifupa ya warsha. Wanao utaratibu wa hatua tano uitwao Geo-Inquiry: uliza, kusanya, onyesha kwa ramani na michoro, unda simulizi, chukua hatua. Hatua ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo inayopitwa mbio. “Kwa nini kuna takataka?” halipimiki. “Takataka zinarundikana wapi ndani ya mita 500 kutoka shuleni, na hapo pana nini ambacho hakipo kwingine?” linapimika kwa siku mbili. Mwezeshaji asiyetumia angalau saa nzima kulisaga swali mpaka liwe hivyo anapoteza muda wa walimu. Hatua ya tano, kwa upande wake, hupenda kumeza muhula. Bango moja au barua moja kwa mhusika inatosha.

Kwenye kukusanya, simu za kawaida zinatosha: penye anga wazi GPS yake hukosea takribani mita 5. Kila kundi lipate nukta 20. Makosa yanajirudia karibu kila mahali, na warsha nzuri huyaleta makusudi ili walimu wayaone kabla ya wanafunzi. Simu moja inatoa digrii za desimali, nyingine digrii, dakika na sekunde. Ukizichanganya kwenye jedwali moja nukta zinahama. Latitudo ikikaa safu ya longitudo, shule inatokea mbali kabisa na ilipo. Alama ya kutoa ikisahauliwa kwa mahali palipo kusini mwa Ikweta, ramani inarukia kaskazini. Na kiseli kilichoachwa tupu kikisomwa kama latitudo sifuri na longitudo sifuri, nukta inatua baharini, Ghuba ya Guinea, palipo na marundo ya data za watu wazembe wa dunia nzima. Desimali tano zinatosha: tarakimu ya tano ni kama mita 1.1, na zaidi ya hapo ni mapambo.

Zoezi bora kuliko yote tuliyoyapima ni la Eratosthenes, yule Mgiriki wa Alexandria aliyekadiria mzingo wa dunia kwa kivuli. Linahitaji shule mbili zilizoachana kaskazini hadi kusini, fimbo ya sentimita 100 kwa kila shule, uzi wenye kokoto wa kuhakikisha fimbo imesimama wima, na rula. Vivuli vipimwe siku moja, kila dakika 5, kwa muda wa saa nzima kuzunguka adhuhuri, na kichukuliwe kile kifupi kuliko vyote. Anayepima saa sita kamili ya saa ya ukutani amekosea, kwa sababu adhuhuri ya jua haifuati saa ya ukutani. Gawanya kivuli kwa urefu wa fimbo, kisha tafuta pembe ambayo tanjenti yake ni jibu hilo. Kivuli cha sentimita 10.5 ni digrii 6; cha 17.6 ni digrii 10. Tofauti ni digrii 4. Pima kwenye ramani umbali wa kaskazini hadi kusini peke yake, siyo wa barabara. Ukiwa kilomita 444, zidisha kwa 360, gawanya kwa 4: unapata kilomita 39,960, wakati mzingo halisi unaopita kwenye ncha ni karibu 40,008.

Hayo ni mahesabu ya karatasini. Uwanjani, kosa la sentimita 1 kwenye kivuli ni zaidi ya nusu digrii, yaani kama asilimia 14 ya tofauti ya digrii 4. Ndiyo maana shule zilizo jirani haziwezi kulifanya na zikapata jibu la maana. Na kwa walio ukanda wa tropiki kuna mtego ambao miongozo mingi iliyoandikiwa nchi za kaskazini haiutaji: jua linaweza kuwa katikati ya shule hizo mbili. Vivuli vya adhuhuri vikielekea pande tofauti, kimoja kusini na kingine kaskazini, pembe zinajumlishwa, hazitolewi.

Zoezi la mabonde ya mito ni rahisi na linapendwa: karatasi ya A4 inafinyangwa hadi iwe kama ngumi, inafunguliwa nusu ibaki na milima, migongo yake inapakwa makapeni ya bluu, kisha inanyunyiziwa maji mara tano au sita. Wino unateremka na mabonde yanajichora. Makapeni iwe ya wino wa maji, kwani ile isiyofutika haitiririki. Na karatasi nyembamba ikilowa kupita kiasi milima inalala. Chungwa linalomenywa na ganda lake kulazwa bapa, la kuonyesha upotoshaji wa ramani ya dunia ya Mercator, ya mwaka 1569, lipo katika kila warsha. Dakika kumi zinalitosha: Afrika ni kubwa mara 14 hivi ya Greenland, na kwenye ramani ile zinaonekana karibu sawa.

Mvumbuzi anayekuja ana kwa ana hugharimu zaidi, na ukumbi wa watoto mia tatu unaua maswali. Aombwe azungumze na darasa moja kwanza, dakika 40, ndipo aingie ukumbini. Akikataa, rekodi ni mbadala halali. Rekodi ina faida ambayo mazungumzo ya moja kwa moja hayana: unaweza kuisimamisha. Simamisha pale ramani inapotokea kwa mara ya kwanza, waache wanafunzi wakadirie skeli, ndipo uendelee.

Kwa shule isiyo na intaneti ya kutegemewa, kielelezo kizuri zaidi ni cha Paul Salopek, mwandishi aliyeanza kutembea kwa miguu kutoka Ethiopia mwezi Januari 2013 akifuata njia za binadamu wa kale kuelekea Tierra del Fuego, kusini kabisa mwa Amerika Kusini. Kila maili 100 husimama, hupiga picha ya ardhi na ya anga, na humuuliza mtu wa kwanza anayekutana naye: wewe ni nani, unatoka wapi, unakwenda wapi. Wanafunzi wanaweza kufanya hivyohivyo kila mita 100 za njia ya kwenda shule, kwa daftari na penseli, wakichora pale ambapo hawana kamera. Vituo kumi vinajaza vipindi viwili. Wasimame kwa hatua walizozihesabu, siyo pale panapowavutia, la sivyo kila kundi litarudi na picha za dukani na hakuna atakayekuwa na mtaro.