Tahadhari: Ducati 916 "SPS" inayouzwa karibu na Birmingham

Ndugu zangu wapenda pikipiki, hasa sisi tunaoishi Uingereza, na nyinyi mlioko Dar na Mombasa mnaotuagiza tuwatafutie mashine huku: kuna mtu anauza Ducati 916 za kawaida akidai ni 916 SPS, lile toleo lake adimu. Mimi ameshanipiga pauni 13,500. Simtaji jina kwa kuwa shauri bado linaendelea, lakini mbinu zake nazieleza zote.

Kwanza elewa anapopenyea. 916 iliyochorwa na Massimo Tamburini na kutoka mwaka 1994 ina injini ya cc 916. SPS ya 1997 na 1998 nayo inaitwa 916, ila injini yake ni cc 996, pistoni za milimita 98 badala ya 94. Zilitengenezwa chache, kila moja na kibati chenye namba yake kwenye usukani, ili kiwanda kiruhusiwe kushindana kwenye mbio za pikipiki za Superbike. Jina linasema 916, injini inasema 996, na watu wengi hawalijui hilo. Mimi nilikuwa nalijua, na bado nimelizwa.

Picha ya Carl Fogarty, bingwa wa mbio hizo, akilala kwenye kona na 916 ilikuwa ukutani kwetu Tanga tangu nikiwa darasa la sita. Miaka yote hiyo nimeitaka. Nilipoliona tangazo nilipiga simu palepale. Muuzaji ana sauti ya upole. Akasema pikipiki ni ya marehemu kaka yake, yeye si mfanyabiashara, na kuna Mjerumani anakuja kuichukua Jumamosi. Nikatuma arbuni ya pauni 1,000 kabla sijaiona.

Nilipofika, ilikuwa nzuri kweli. Shoki ya nyuma Öhlins, ekzosi za Termignoni, kiti cha mtu mmoja, kibati kinang'aa. Akaiwasha, ile klachi kavu ikaanza kugonga kama inavyogonga kwenye video zote nilizowahi kutazama, nami nikawa nimeshanunua moyoni. Kwenye V5C, kadi ya pikipiki ya huku, niliona imeandikwa cc 916. Nikamuuliza. "Si ndiyo jina lake? Waliandika jina." Nikakubali. Hapo ndipo nilipopaswa kuvaa kofia yangu na kuondoka.

Wiki tatu baadaye niliipeleka kwa fundi abadilishe mikanda ya taimingi. Akanyanyua tanki, akafungua boksi la hewa, akaniita. Kila silinda ilikuwa na injekta (kinyunyizio cha mafuta) moja. SPS ina mbili kwa kila silinda. Kibati ni cha kununuliwa, na vile vitu vingine vyote vinafungwa kwa spana mchana mmoja. Jioni ile nikaingiza namba ya pikipiki kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT, ukaguzi wa kila mwaka wa vyombo vya moto huku, ambayo ni bure: mwaka 2012 ilikuwa imeshatembea maili 31,000. Mita niliyouziwa inasoma 9,400.

Sasa sikilizeni habari ya marehemu kaka, maana ile si hadithi ya kukuhurumisha tu. Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya Uingereza ya haki za mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kudai fedha zako zote. Ukinunua kwa mtu binafsi, huna haki hiyo. Alikataa pia kadi ya mkopo, ambayo kwa bei hii ingenilinda kama muuzaji ni mfanyabiashara, akataka fedha ziingie benki moja kwa moja. Benki yangu inasema pikipiki nimeipata, kwa hiyo ni mgogoro wa mnunuzi na muuzaji. Tangu hapo nimempata mwenzangu wa Coventry aliyeuziwa 916 nyingine na mtu huyohuyo, ya marehemu kaka huyohuyo. Tunakusanya ushahidi kwamba ile ni biashara yake.

Akikataa kukupa namba ya usajili kwa simu, achana naye. Akikupa, soma historia ya MOT kabla hujatuma hata pauni moja. Mwambie anyanyue tanki mbele yako; mwenye SPS halisi atakuonyesha injekta zake kwa fahari. Namba ya fremu na ya injini zipelekwe kwa Ducati wenyewe zithibitishwe. Na V5C inaonyesha nani amesajiliwa kuitunza pikipiki, haithibitishi mmiliki, kwa hiyo lipia pia uchunguzi wa deni na ajali.

Tangazo limerudi juzi. Safari hii ni nyekundu yenye kibati kingine, imeegeshwa kwenye sakafu ileile ya vigae vyeusi na vyeupe, na namba ya usajili imefunikwa kwa taulo lilelile la samawati. Bei ni pauni 12,900. Ukiliona, usipige simu, niandikie kwanza.