Sukari Kenya: tufunge mpaka au tuufungue?

Kufunga ndo tumekuzoea. Sukari inayotoka nje ya EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) na nje ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) inapigwa ushuru wa asilimia 100, na huko COMESA Kenya iliomba ulinzi, yaani kikomo cha sukari inayoingia, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, muda ukikaribia kuisha ikawa inaomba tena mpaka ulipoisha 2025, eti viwanda vijipange kwanza. Vilijipanga? Mumias, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, kikachukuliwa na benki 2019 sababu ya madeni, na mkulima aliyengoja miwa yake miezi 18 akawa hajui amuuzie nani. Faida waliipata wenye vibali vya kuagiza sukari na watu wa magendo, maana bei ikipanda sana huku, sukari inayopitia Somalia inaingia tu porini usiku.

Ukifungua je? Uganda wanazalisha ya ziada, ni jirani, inafika kwa lori. Mama wa mandazi ananunua kilo kwa bei nafuu, mwenye bekari naye hivyohivyo, na hao ni wengi kuliko viwanda jamani!

Mkulima ataumia mwanzoni, hilo nakubali kabisa na linaniuma. Ila msaidieni yeye mwenyewe, mpeni mbegu inayokomaa mapema na mlipeni malimbikizo yake.