Tovuti ya biashara ndogo Dar es Salaam: ipi ya kununua kwanza na ipi isubiri

Mfanyabiashara mdogo wa Dar es Salaam anayeulizia bei ya tovuti hurudi nyumbani na majibu yasiyolingana: fundi wa Sinza amemtajia laki chache, kampuni yenye ofisi Posta imemtajia milioni kadhaa, na tangazo aliloliona kwenye simu linasema ni bure. Tofauti hiyo haitokani na ubora peke yake, kwa kuwa mara nyingi watatu hao wanauza vitu tofauti kabisa vinavyoitwa kwa jina moja. Mwongozo huu unapanga machaguo matano kwa daraja, na umeandikwa kwa mwenye duka, karakana, saluni, mgahawa au ofisi ndogo ya huduma, asiye na mtaalamu wa kompyuta wa kudumu. Vipimo vilivyotumika ni viwili: nani atabaki na umiliki wa tovuti siku mkataba utakapokwisha, na nani ataweza kubadilisha bei ya bidhaa miezi sita baada ya fundi kuondoka. Urembo umewekwa nyuma kwa makusudi, kwani tovuti nzuri yenye bei za mwaka juzi humpotezea mwenye duka wateja kuliko kutokuwa na tovuti.

Jina kwanza, kabla ya fundi

Kikoa, yaani anwani ambayo mteja ataiandika kwenye kivinjari, kinunuliwe na mwenye biashara mwenyewe, kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Katika suala zima la tovuti hakuna jambo linalopuuzwa zaidi ya hili. Kisa kinachojirudia mjini ni cha fundi aliyesajili jina kwa barua pepe yake binafsi ili kurahisisha kazi. Baada ya mwaka hapatikani kwenye simu, muda wa usajili umekwisha, na jina lililochapishwa kwenye mifuko, mabango na risiti halina tena mwenyewe. Hakuna lazima ya kumhisi fundi nia mbaya. Inatosha kwamba amebadili kazi au amehama mji.

Kwa anayeuza kwa wateja wa hapa nchini, .co.tz ndilo chaguo la kwanza. Vikoa vya .tz viko chini ya TCRA, mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano, na huuzwa na mawakala waliosajiliwa, ambao wengi wanapokea malipo kwa simu, kwa hiyo kadi ya benki si lazima. Anayehudumia watalii au wanunuzi wa nje achukue pia .com, ambayo kwa kawaida haizidi dola 20 kwa mwaka. Ni busara kulinganisha jina hilo na lile lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla ya kulipa, kwa kuwa mteja anayeona jina moja kwenye leseni ukutani na jingine kwenye tovuti ana haki ya kusita kutuma pesa.

Nafasi ya kwanza: tovuti fupi ya WordPress kwenye kikoa chako

Kwa biashara nyingi ndogo, kurasa nne au tano zilizojengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, zikiwekwa kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) ya kukodi inayolipiwa kwa mwaka, ndiyo ununuzi bora. WordPress ilianza mwaka 2003, programu yenyewe ni ya bure, na inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, wingi huo una maana moja kubwa: fundi wa kwanza akishindwa, wa pili atapatikana Mwenge au Kijitonyama bila kulazimika kuanza upya, kwa sababu kazi iliyokwishafanywa inasomeka na kila anayeijua programu hiyo. Udhaifu wake ni matunzo. Programu jalizi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye WordPress, zisiposasishwa ndizo mlango wanaoupenda wavamizi, hivyo mkataba utaje nani atasasisha, kila baada ya muda gani, na nakala rudufu (nakala za akiba za tovuti) zitahifadhiwa wapi.

Suala la seva iwe ndani au nje ya nchi lina uzito wake. Mwezi Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika, intaneti ilidorora nchini, na tovuti zilizohifadhiwa ng'ambo zikawa ngumu kufunguka. Seva iliyoko nchini haitegemei waya wa baharini ili kumfikia mteja wa Tabata. Kwa hiyo, ikiwa wanunuzi wako ni wa hapa, seva ya ndani ina faida halisi, mradi mtoa huduma athibitishe kwamba anachukua nakala rudufu kila siku na kwamba wewe mwenyewe unaweza kuzipakua.

Ubora wa aina hii ya tovuti unategemea kilichoandikwa ndani yake kuliko kiolezo kilichochaguliwa. Mchukue fundi samani wa Keko. Mteja wa Mbezi Beach anayetafuta kitanda saa tatu usiku hahitaji aya tatu za dira na dhamira ya karakana, bali anataka kujua mambo machache yaliyo wazi. Ukurasa unaomsaidia husema: «Kitanda cha futi 5 kwa 6, mbao ya mninga, bila godoro. Kinachukua wiki mbili tangu malipo ya awali. Usafiri ndani ya Dar es Salaam unalipwa na mteja; tunakufungia nyumbani.» Chini yake inafuata bei ya kuanzia, picha ya kitanda kilichokwisha kutengenezwa na kikiwa ndani ya chumba cha mtu, ramani inayotaja kituo cha daladala kilicho karibu, na kitufe cha WhatsApp kinachofungua mazungumzo moja kwa moja kupitia kiungo cha wa.me na namba inayoanza na 255. Kuficha bei kwa hofu ya washindani ni mazoea mabaya: mshindani anazijua bei zako tayari, na anayebaki gizani ni mteja peke yake.

Picha zinastahili neno la ziada. Picha moja ya simu janja inaweza kuwa na megabaiti 3 au zaidi, na ukurasa wenye picha kumi za namna hiyo unamla mteja bando kabla hajaona bidhaa ya pili. Fundi azipunguze hadi chini ya kilobaiti 200 kila moja, kazi ambayo haihitaji ujuzi mkubwa. Pimeni matokeo kwa PageSpeed Insights ya Google, ambayo ni ya bure: sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5 kwenye simu, si kwenye kompyuta ya fundi. Na anwani ianze na https, kwa kuwa tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huitia alama ya kutokuwa salama tovuti isiyo nayo. Cheti kinachowezesha https, kama kile cha Let's Encrypt, hutolewa bure, kwa hiyo anayekutoza fedha nyingi kwa jambo hilo aulizwe anauza nini hasa.

Nafasi ya pili: huduma za kujijengea mwenyewe

Wix, Squarespace na nyingine za aina hiyo zinamfaa mwenye biashara anayependa kushika kazi kwa mkono wake. Masasisho na usalama ni juu yao, na kubadilisha bei ni jambo la dakika chache. Zinashuka hadi nafasi ya pili kwa sababu mbili: malipo ni ya dola kwa kadi, kila mwezi au kila mwaka bila kukoma, na ukitaka kuhama huwezi kubeba tovuti yako nzima kwenda kwingine. Anayezichagua aunganishe kikoa chake mwenyewe, wala asitumie ile anwani ndefu ya bure yenye jina la kampuni nyingine.

Nafasi ya tatu: wasifu wa Google na WhatsApp Business pekee

Kama nyongeza, wasifu wa biashara kwenye Google na WhatsApp Business ni vya lazima kwa kila mtu, na ni vya bure. Kama mbadala wa tovuti, vinamtosha anayeanza, kwa mfano mama lishe au fundi simu ambaye wateja wake wanatoka mtaani kwake. Tatizo ni kujenga kwenye kiwanja cha mwingine. Mwezi Machi 2024 Google ilizima tovuti zote ndogo zilizotengenezwa kupitia wasifu wake wa biashara. Anwani zake ziliendelea kuwaelekeza wateja kwenye wasifu hadi tarehe 10 Juni, kisha zikafa. Kabla ya hapo, tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa sita, na duka linaloishi humo tu halikuwa na mlango mwingine.

Nafasi ya nne na ya tano

Duka kamili la mtandaoni, lenye kikapu na malipo ya papo hapo, lisubiri hadi uwe na hesabu ya bidhaa inayoaminika na bodaboda wa uhakika. Kabla ya hapo, lipa namba iliyoandikwa wazi pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mlipaji inatosha. Tovuti inayoandikwa upya kutoka mwanzo na mtayarishaji programu inashika mkia: ni ghali, na anayeielewa ni aliyeiandika tu.

Mkataba na malipo

Fomu zinazokusanya majina na namba za wateja zisiwekwe bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo ajisajili kwenye Tume husika na kuzilinda. Bei ya fundi wa hapa iwe ya shilingi, kwani kanuni za mwaka 2025 zinakataza huduma za ndani kutajiwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Dai risiti ya EFD.

Gawa malipo katika awamu tatu: ya kuanza, ya kuona kurasa zikifunguka kwenye simu yako, na ya makabidhiano. Awamu ya mwisho isitoke mpaka uwe umeingia mwenyewe kwenye akaunti ya kikoa, ya seva na ya WordPress, umebadilisha nywila zote tatu, na umehariri bei ya bidhaa moja mbele ya fundi bila yeye kugusa simu.