Dawa za kung'arisha nguo nyeupe: uzoefu wangu kwa maji ya kisima

Ninafua kanzu na mashati ya shule kila wiki hapa Tanga, kwa maji ya kisima cha uani. Maji haya yana chuma: yakilala kwenye ndoo, asubuhi unakuta utando wa kutu chini. Hilo ndilo limeamua dawa ipi inanifaa, na hakuna chupa niliyoinunua iliyonitajia habari ya maji.

Nianze na dawa ya maji ya klorini. Ile niliyoinunua iliandikwa "kwa nguo zote nyeupe". Shati la pamba likatoka na mabaka ya rangi ya chai. Klorini hukigeuza chuma kilichoyeyuka majini kuwa kutu, nayo hunasa kwenye uzi. Kanzu ya darizi ndiyo iliyoniuma zaidi, maana uzi wake ni wa hariri, na shingo yote ikawa ya njano. Klorini huiharibu hariri na sufu, na mpira wa soksi nao hulegea. Sasa "nguo zote" ni zipi hizo? Mabaka ya kutu niliyatoa kwa ndimu na chumvi, nikaanika juani, lakini baada ya kuisuuza nguo mpaka harufu ya dawa ikaisha kabisa. Tafadhali sana, ndimu, siki au dawa ya choo visikutane na klorini. Hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Poda ya oksijeni nimeipenda. Ikiingia majini hutoa haidrojeni peroksaidi, na hiyo ndiyo inayong'oa jasho la kola na kwapa. Pakiti inajisifu kwamba inafanya kazi hata kwa maji baridi. Kwangu maji baridi yaliishia kulowesha nguo tu. Kwa maji ya moto kiasi mkono unavyoweza kuvumilia, ukiloweka saa nzima kabla ya kufikicha, kola inarudi. Natumia maji ya mvua ya kwenye pipa, kwa sababu poda hii nayo huweza kukigeuza chuma kuwa kutu. Koroga ya kutumia siku hiyo tu, wala usiifungie kwenye chupa: gesi hujaa ndani na chupa ikapasuka. Hariri na sufu usiziguse nayo. Bei iko juu, kwa hiyo nanunua vipakiti vidogo.

Halafu kuna sabuni za unga za "weupe unaong'aa" tunazoziona kwenye televisheni. Nilichukua kipande cha marekani mbichi, nusu nikafua kwa sabuni ya mche, nusu kwa sabuni ya unga, nikakipeleka dukani kwa jirani mwenye taa ya kukagulia noti. Nusu ya sabuni ya unga iliwaka samawati, nusu ya pili ikabaki imefifia. Sabuni hizo huacha kwenye kitambaa kemikali inayopokea miali ya jua isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa samawati. Jicho linaona weupe, ila uchafu haujaondolewa na kemikali hiyo. Tangazo linalouza mng'ao huo kama usafi linampotosha mama anayehesabu shilingi yake.

Buluu nayo hufunika tu unjano, lakini angalau rangi yake unaiona kwa macho yako. Unga huu ulianza kutengenezwa kiwandani Ufaransa, baada ya Jean-Baptiste Guimet kugundua namna yake katika miaka ya 1820, na mpaka leo kipakiti chake ndicho rahisi kuliko vyote. Ufunge kwenye kitambaa, uchovye katika maji ya mwisho ya kusuuzia, koroga vizuri ndipo utie nguo, na usiiache imetulia isije ikapata michirizi. Kanzu ya darizi sasa naifua kwa sabuni ya mche na buluu peke yake.

Watengenezaji wa dawa za klorini waandike mbele ya chupa, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: si kwa hariri, si kwa sufu, si kwa maji yenye chuma.