Kuhamishiwa Faili Langoni: Fundi Anayehesabu Kabla ya Kukabidhi

Kipakatalishi changu cha zamani nilikinunua mwaka 2014, na kwa miaka 11 kilibeba kazi zangu zote za ualimu: mitihani, maazimio ya kazi, alama za wanafunzi na barua za shule. Hayo yote, kwa taabu, ningeweza kuyaandika upya. Yasiyoandikika upya ni rekodi za sauti nilizokuwa nikizikusanya Pate, Siyu na Faza, visiwani Lamu, wakati wa likizo, wazee wakisoma tenzi walizozihifadhi moyoni na kufafanua maneno ambayo vijana wetu hawayatumii tena. Baadhi ya wazee hao wametangulia mbele ya haki, na sauti zao hazipo mahali pengine popote isipokuwa humo. Kwa hiyo ninapoisifu au kuilaumu huduma ya kuhamisha faili niliyoipata katika duka moja la Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ninaipima kwa rekodi hizo kwanza, kisha kwa mengine.

Sababu ya kununua mashine mpya ilikuwa ya kawaida. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa, na mashine yangu haikuweza kupanda hadi Windows 11, ambayo hudai kichakataji cha miaka ya karibuni pamoja na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Zaidi ya hayo, hewa ya chumvi ilikuwa imekwisha kuila: matundu mawili kati ya matatu ya USB yalishika kutu, na betri ilikufa kabisa, hata ukichomoa waya mashine huzimika papo hapo. Kipya kiliagizwa kutoka bara, kikafika Mokowe kwa basi na kuvushwa kwa boti, kikiwa kizima ndani ya boksi lake.

Duka ninalolizungumzia halina kibao. Ukitoka Ngomeni ukaufuata usita wa mui, yaani njia kuu ya mji, kuelekea Langoni, utaingia kichochoro cha kushoto kinachoshuka baharini, na ukiona baraza ya mawe yenye kabati la kioo lililojaa chaja na simu zilizofunguliwa, hapo ndipo. Ndani ni chumba kimoja chembamba. Kuta za matumbawe ni nene kiasi kwamba waifai haipenyi, na kwa sababu hiyo kisanduku cha intaneti kimetundikwa juu ya kizingiti cha mlango. Fundi ni kijana wa makamo ya miaka 30 hivi, mpole, na jambo la kwanza alilolifanya baada ya salamu lilikuwa ni kunisogezea kiti upande wake wa meza ili nikione kioo anachokiona yeye. Nilidhani ni adabu tu kwa mtu mzima, lakini baadaye nilifahamu kwamba ndivyo anavyomketisha kila mteja.

Nilikuwa nimejiandaa kuziwasha mashine zote mbili tukanakili kwa flashi, kama nilivyozoea. Alikataa kwa upole. "Mwalimu, stima ya leo siiamini," akaniambia. "Hii ya zamani haina betri. Ikikatika katikati, tutakuwa hatujui tumefika wapi, na diski yenyewe inaweza kuumia." Badala yake aligeuza kipakatalishi cha zamani, akafungua skrubu za kifuniko cha chini, akaitoa diski na kuitia ndani ya kasha dogo la plastiki lenye waya wa USB, kisha akaichomeka moja kwa moja kwenye mashine mpya. Diski ndogo za vipakatalishi hutosheka na umeme unaopita kwenye waya huohuo, kwa hiyo kila kitu sasa kilitegemea betri mpya, ambayo ilikuwa imejaa. Tulianza saa kumi alasiri. Saa kumi na moja na robo stima ikakatika mtaa mzima, feni ikasimama, na kunakili kukaendelea bila kusita hadi umeme uliporudi baada ya nusu saa. Kwa mteja wa kisiwa chetu, huo ni ujuzi wenye thamani kuliko kasi ya aina yoyote.

Niliuliza kwa nini tusipitishe kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni, kama matangazo yanavyoshauri. Alichukua kalamu. Faili zangu zilikuwa gigabaiti 187, na intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde ingehitaji zaidi ya saa 80 za mfululizo kuzipeleka juu, kisha muda mwingine wa kuzishusha, na bando lake nani atalilipa? Kwa waya kazi iliisha saa mbili kasorobo usiku, na ingeisha mapema zaidi kama nisingekuwa na maelfu ya faili ndogondogo, kwani faili moja kubwa hupita upesi kuliko elfu ndogo zenye uzito uleule. Diski ya kuzunguka hulazimika kuitafuta kila moja mahali pake.

Hapa ndipo penye sababu hasa ya mimi kuandika tathmini hii. Kabla ya kuanza, fundi alilibofya folda kuu, akafungua ukurasa wa sifa zake, na kuandika daftarini idadi ya faili: 64,218. Kunakili kulipokwisha na alama ya kijani ikajaa, mtu mwingine angesema tayari na kudai ujira wake. Yeye alilifungua lile folda jipya na kuandika idadi yake chini ya ile ya kwanza: 64,205. Akazitazama namba mbili hizo kwa muda, kisha akaniambia waziwazi kwamba zimepungua 13, na kwamba kosa ni lake. Katikati ya kazi kilijitokeza kijidirisha cha onyo, naye akakibofya kitufe cha kuruka bila ya kukisoma, kwa kudhani kinahusu faili za mfumo.

Tulishuka folda baada ya folda, tukilinganisha namba za upande huu na za upande ule, kama watu wanaochambua mchele. Mitihani ilikuwa kamili. Picha za milango ya nakshi zilikuwa kamili. Tulipofika kwenye rekodi za Siyu ndipo pengo lilipoonekana, zote 13 mahali pamoja, na zote ni za bibi mmoja mkongwe aliyenisomea mchana kutwa, miaka miwili kabla ya kufariki kwake. Nilinyamaza. Fundi naye alinyamaza, akaendelea kusoma.

Chanzo chake kilikuwa urefu wa majina. Mimi huyapa mafolda yangu majina marefu, yenye mahali, msimu, jina la msomaji na mada, folda ndani ya folda, na kwenye mashine ya zamani njia nzima ya kufikia faili hizo ilikuwa imekaribia herufi 260, ambazo ndizo mpaka wa kawaida wa Windows. Fundi, kwa nia njema, alikuwa ameziweka faili zote ndani ya folda jipya alilolipa jina refu la kueleza zimetoka wapi. Nyongeza hiyo ndogo ilizivusha rekodi 13 mpaka ule, na mfumo ukakataa kuzipokea. Alilifupisha jina la folda lake likawa herufi nne, akazinakili tena, akahesabu: 64,218. Kisha akafungua faili chache kutoka kila folda la rekodi na kuzisikiliza mwanzo, kati na mwisho, kwa sababu faili inaweza kuwapo kwa jina na isiwe nzima ndani. Sauti ya yule bibi ilipotoka kwenye spika za mashine mpya, ikianza na bismillahi kama kawaida yake, adhana ya isha ilikuwa imekwisha kupita na maduka jirani yamefungwa. Fundi hakuniharakisha.

Ninamlaumu kwa kuruka onyo bila ya kulisoma, na nilimwambia hivyo. Ila ninawaomba wasomaji waone kwamba kosa hilo lilijulikana usiku uleule, mezani, kwa sababu ya mistari miwili ya daftari. Bila ya mistari hiyo ningeligundua baada ya mwaka, pengine baada ya diski ya zamani kufutwa.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi, na hili hakulijua mpaka niliporudi. Wakati wa kuiandaa mashine mpya, Windows 11 huuliza maswali mengi mfululizo: nchi, kibodi, intaneti, akaunti, kisha kurasa kadhaa za kukubali hili na lile. Fundi alikubali zote upesi. Mojawapo iliiruhusu hifadhi ya mtandaoni ianze kupandisha eneo-kazi, nyaraka na picha zangu kwenye akaunti yenye nafasi ya bure ya gigabaiti 5. Kesho yake nyumbani niliiunganisha mashine na simu yangu ili nisome barua pepe, na kabla ya adhuhuri bando langu lilikuwa limekwisha, huku kioo kikinitangazia kwamba hifadhi imejaa na ninunue nafasi zaidi. Nilijaribu kuizima mwenyewe. Folda la nyaraka likabaki tupu mbele ya macho yangu.

Yeyote aliyewahi kupoteza kazi ya miaka anajua hali iliyonipata. Nilirudi Langoni jua likiwa la utosi. Fundi alinionyesha kwamba faili hazikufutwa: mfumo ulikuwa umezihamishia ndani ya folda la hifadhi hiyo, humohumo kwenye diski, na zikabaki huko baada ya kuzimwa. Alizirudisha mahali pake, akahesabu tena mbele yangu, 64,218, na hakunitoza chochote. Hata hivyo, bando lililokwisha halirudi, na ninamshauri kwa dhati kwamba kurasa zile za kukubali azisome pamoja na mteja, moja baada ya nyingine, na kumweleza kila moja itakula nini. Wengi wetu tunanunua intaneti kwa vipimo vidogo vya siku.

Mengine niyapitie kwa ufupi. Programu hazihamishwi kama faili, huwekwa upya, na aliniambia hivyo mapema ili nitafute namba za leseni zangu. Alamisho za kivinjari hukaa kwenye folda lililofichwa, naye alilikumbuka bila ya kuulizwa. Fonti zangu za maandishi ya Kiarabu, ninazozitumia kunakili miswada ya Kiswahili ya zamani, alizisahau, lakini kuziweka hakukuchukua hata dakika tano.

Kuhusu siri za mteja, ninayo maneno kidogo zaidi. Diski ilipochomekwa kwenye mashine mpya, mfumo ulisema hatuna ruhusa ya kulifungua folda langu, kisha ukatoa kitufe cha kuendelea, na kwa mbofyo mmoja yote yakafunguka. Nywila niliyokuwa nikiiandika kila asubuhi kwa miaka 11 haikuwa kizuizi chochote kwa mtu aliyeishika diski mkononi, kwa sababu diski haikuwa imesimbwa, yaani yaliyomo hayakugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ya ufunguo. Humo mlikuwa na alama za watoto wa watu na nakala za vitambulisho. Kenya inayo Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, nayo inamhusu fundi wa kichochoroni kama inavyozihusu kampuni kubwa. Kumketisha mteja kando yake ni ulinzi mzuri, na ninamsifu kwa hilo, lakini ningependa pia atoe karatasi fupi yenye sahihi yake, inayosema kwamba hakuna nakala iliyobaki dukani. Mashine mpya imesimbwa, na ufunguo wake wa kurejesha una tarakimu 48. Aliniandikisha kwa mkono wangu mwenyewe, akanisomesha mara mbili, akanikataza kabisa nisiuhifadhi ndani ya mashine ileile inayofungwa nao.

Nililipa shilingi 3,000 kwa kazi yote na shilingi 1,200 kwa kasha la diski, ambalo nimeondoka nalo. Si bei ya chini kwa mji wetu. Fundi mmoja wa nje ya kisiwa alikuwa tayari kunifanyia kwa nusu ya hiyo, kwa sharti kwamba nimwachie mashine zote mbili kwa siku mbili, na kwa yale niliyoyaeleza hapo juu nisingekubali hata kwa bure. Duka hufunguliwa baada ya saa tatu asubuhi, hufungwa wakati wa sala, na Ijumaa hufunguliwa alasiri tu. Ukiwa na faili nyingi, nenda mapema, kwa kuwa hapokei kazi mbili za kuhamisha kwa siku moja.

Diski ya zamani alinikataza nisiifute. Nimeiweka nyumbani katika mkebe wenye kifuniko cha kubana, pamoja na vijifuko vya kunyonya unyevu alivyonipa, na juu ya kasha lake ameandika kwa kalamu ya wino tarehe ya kunakiliwa na ile namba, 64,218.