Mwaka mmoja na walinzi wa mtaa: uzoefu wangu

Nilikuwa mmoja wa waliopinga. Tulipoambiwa tunaletewa walinzi wa mtaa, watu wenye sare lakini wasio na pingu wala mamlaka ya kumkamata mtu, nilisimama kikaoni nikauliza: sasa watatusaidia nini? Wakati huo ngazi za jengo letu zilikuwa hazipitiki usiku. Taa ya ghorofa ya pili ilivunjwa kila ilipobadilishwa, vijana wakajazana pale na spika mpaka saa nane. Bibi wa mlango unaotazamana na wangu alikuwa akijifungia ndani kabla jua halijazama. Polisi wakija, vijana hawapo. Wakiondoka, hao wamerudi.

Mlinzi aliyepangiwa upande wetu hakuanza na vijana, alianza na taa. Jioni ya kwanza alipiga picha nyaya zilizokuwa zinaning'inia, akaandika tarehe na saa kwenye daftari, akapeleka taarifa kwa watu wa matengenezo, na akawa anawafuatilia kila siku mpaka ikafungwa taa yenye wavu wa chuma. Ndipo akaanza kukaa na wale vijana. Siku moja nilimsikia nikiwa mlangoni: "Vipi, mguu umepona? Haya, punguza muziki kidogo, huko juu kuna mtoto mchanga." Kijana akapunguza! Mimi nilikuwa nimefoka miezi miwili bila kupata hata nusu ya hiyo.

Alikuwa akipita kwa miguu, njia ileile, kila jioni. Alijua nani mtoto wa nani. Baadaye nilisoma kwamba Uholanzi walianza na walinzi wa mji huko Dordrecht mwaka 1989, wakiwavika sare watu waliokuwa wamekosa kazi kwa muda mrefu, nikaelewa kwa nini wetu nao wamechukuliwa humuhumu mtaani. Mgeni asingejua habari za ule mguu.

Kitu kingine alichonifundisha ni kuandika. Kuna nyumba moja iliyokuwa haisikii la mtu. Akaniambia niache kugombana, niandike tu: tarehe, saa, nilichosikia, kilidumu muda gani, kilinifanya nini. Niliandika wiki sita. Karatasi hizo ndizo zilizomfanya mwenye jengo atoe onyo la maandishi, maana awali alikuwa akituambia ni ugomvi wa majirani tu.

Sasa malalamiko yangu. Zamu yao inaisha saa nne usiku, na fujo za wikiendi huanza saa tano. Hilo tumelisema mara nyingi. Halafu baada ya miezi minane walimhamisha mlinzi wetu bila kutuambia. Aliyekuja ni mtu mzuri, ila hakumjua yeyote, na ndani ya wiki mbili spika ikarudi kwenye ngazi. Iliniuma sana. Tena wakazi wa jengo la nyuma wanasema sehemu ya kero yetu imehamia kwao, na nikisikiliza usiku naona hawajakosea.

Bibi siku hizi anapanda ngazi saa mbili usiku, mkono mmoja kwenye reli, bila haraka.

Nawapa nyota nne. Ya tano nitaiongeza wakianza kukaa hadi usiku wa manane Ijumaa na Jumamosi, na wakituachia mlinzi mmoja walau miaka miwili.